Mhuri wa Hatua Sita

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi mjini Moshi, kwenye mlango wa ofisi ya chama cha maendeleo, juu kabisa ya tangazo la ng'ombe aliyepotea. Kuanzia siku hiyo, hakuna kijana wa mlimani wala wa tambarare atakayepewa ufadhili wa kusomea sheria bila sababu iliyohakikiwa, ikasahihishwa, ikapigwa mhuri. Taifa, lilisema tangazo, limechoka na mawakili wasiojua kwa nini ni mawakili.

Mwenyekiti wa Kamati ya Uhakiki wa Sababu alikuwa Mzee Rogath wa Kilema. Hakuna aliyekumbuka kumchagua, ila suti alikuwa nayo, na mhuri aliuchongesha mwenyewe. Kitu kimoja kilimkera kuliko dhambi: maelezo yasiyo sahihi. Ndiyo maana aliitunga Kanuni ya Tisa, kwamba sababu yenye kosa itasahihishwa na Mwenyekiti kwa kinywa chake, Katibu ataandika, na mhuri utagongwa hapo hapo.

Kazi ilianza vizuri. Wa kwanza alikuwa Primus wa Njoro.

"Kwa nini sheria, kijana?"

"Shikamoo, mzee. Hesabu zilinikataa."

"Marahaba. Hiyo ndiyo sababu iliyowatoa wakubwa wengi. Mhuri!"

Akaingia Loveness wa Kahe. "Ukoo wetu una daktari, una mchungaji, una mwenye baa. Tunakosa wakili tu, tukigombana tusihangaike kutafuta mgeni."

"Matumizi bora ya rasilimali watu," alisema Mzee Rogath. Mhuri.

Godlove alitaka tu aitwe mheshimiwa kabla hajafika miaka thelathini. Mwenyekiti alitoa leso akafuta jicho. Ilikuwa sababu yake mwenyewe, miaka arobaini iliyopita, kabla mtihani haujamgeuka. Aligonga mhuri mara mbili.

Kisha akaingia Winfrida, binti wa Kilema, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa ndizi alizomenya asubuhi. Alikuwa na nafasi chuoni. Alichokosa ni mhuri. Alisalimia, akamkabidhi Katibu Stella karatasi yake. Stella akaisoma kwa sauti, kama kanuni inavyotaka, mbele ya wajumbe wote.

"'Nataka kusomea sheria kwa sababu Mwenyekiti wa kamati hii aling'oa masale ya mpaka wetu, akayapanda hatua kumi ndani ya kihamba cha bibi yangu Dominika, siku tuliyomzika babu.'"

Mjumbe mmoja akaacha kutafuna karanga. Kila mtu mlimani anajua kihamba ni shamba la urithi wa ukoo, na isale ni mmea gani: ukisimama mpakani, umemaliza ubishi.

Mzee Rogath alisimama. Shingo ilikuwa imemvimba.

"Uongo!"

Winfrida akainamisha kichwa. Alijua nafasi ya chuo imeshakwenda na maji ya mfereji.

"Hatua kumi? Kumi wapi! Ni sita! Nilipima kwa miguu yangu!"

Stella alishika kalamu. "Niandike sita, Mwenyekiti?"

"Andika sita! Na siyo siku ya maziko, mimi si mshenzi. Ni siku ya kuanua matanga, nyie mlipokuwa kanisani. Andika!"

"Nimeandika, Mwenyekiti."

"Binti, ukitaka uwakili jifunze usahihi." Akagonga mhuri hadi meza ikatikisika. "Sasa sababu yako imekamilika."

"Ahsante, mzee," alisema Winfrida. "Naomba na nakala."

"Nakala ni haki ya mwombaji," alisema Mzee Rogath kwa fahari, na mhuri akaugonga na huko.

Jumapili, baada ya misa, nakala ilikuwa imeshazunguka Kilema nzima. Jumatatu Mzee Rogath aliteremka mjini kwa wakili mwenye kiyoyozi. Wakili aliisoma mara tatu.

"Nani kakuandikia hii, mzee wangu?"

"Nimesema mwenyewe. Na mhuri ni wangu."

"Mimi nilikimbilia sheria kwa sababu ya hesabu," alisema wakili, akimrudishia karatasi. "Lakini sita naielewa. Kata isale, nenda kwa huyo bibi."

Maana isale lina kazi ya pili: mwenye kosa akilipeleka kwa aliyemkosea, halikataliwi. Mzee Rogath akakata tawi lenye majani mazuri, akafunga fundo kwenye jani moja, akavaa suti, akaenda kwa Bibi Dominika. Alikuta majirani wamejaa uani.

Bibi alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Meku," alisema, akimwita mzee kwa Kichaga. "Isale halikataliwi."

Mzee Rogath akashusha pumzi, akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi?" Bibi alimrudishia lile tawi, na jembe juu yake. "Likikauka mkononi mwangu, msamaha utakauka nalo. Lipande. Pale ulipong'oa mwenzake."

Watu wakafuatana naye hadi mpakani. Alikunja suruali, akaanza kuchimba, suti ikila udongo mwekundu. Mpita njia mmoja akasimama kwenye mfereji.

"Mwenyekiti! Siku hizi unalima?"

"Nahakiki," alijibu Mzee Rogath bila kuinua kichwa.

Winfrida alikuwa nyuma yake, nakala mkononi, akihesabu kwa miguu kuanzia kwenye masale yaliyohamishwa.

"Sita, mzee," alisema. "Hapo unapochimba ni ya nne."