Siku Ritifaa Mbili Zilipowaita Ng'ombe

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na hata ninyi wenye moja! Acheni vyombo kwenye beseni na simu kwenye chaji, niwasimulie yaliyotukia katika ofisi ya mifugo, chumba cha pili kushoto, penye feni isiyozunguka, siku ile ambayo mwanamke mmoja alikabiliana na mashine uso kwa uso, na mashine ikasalimu amri. Atakayecheka kabla sijamaliza akachekee nje.

Shujaa wetu ni Karani wa ofisi hiyo, Mwenye Miwani ya Kufungwa kwa Uzi, Mlinzi wa Faili, ambaye mwezi uliotangulia alilichukua daftari kuukuu la chanjo, lililokwisha kutafunwa na panya hadi herufi M, akalihamishia lote kwenye kompyuta. Hakujenga kasri la takwimu. Alitumia faili la maandishi matupu, kila mnyama na mstari wake, koma zikitenga jina la mwenye mali na aina ya mnyama na habari za chanjo. Na ili aweze kulihoji faili hilo, akajifunza SQL, lugha ya amri fupi, ambayo ukiiambia ikupe mbuzi wote wasiochanjwa, inakupa mbuzi hao bila hata kukujulia hali.

Asubuhi hiyo friji ya ofisi ilikata roho. Dozi ishirini za chanjo ya ng'ombe zikahamishiwa kwenye boksi la barafu, na barafu nayo ikaanza kuyeyuka bila haya. Ikifika saa sita mchana dozi zote zingekuwa maji ya kumwaga, nyingine zisingekuja hadi baada ya miezi miwili, na homa ilikwishaingia kwenye mazizi ya jirani. Ua ukafurika ng'ombe na wenye ng'ombe, kila mmoja akiapa kwa sauti kwamba wake hajawahi kuonja sindano.

"Bila orodha simchomi hata mmoja!" akanguruma Daktari wa Mifugo, Bwana wa Mabuti ya Mpira, akiwa amelikumbatia boksi lake. "Dozi ishirini, ng'ombe mia tatu, na wote hawa ni waongo. Dada, faili lako na liseme!"

Chini ya dirisha alisimama Mama Maziwa na ng'ombe wake mmoja tu, ambaye ndiye aliyekuwa akisomesha watoto watatu. Yeye hakuapa. Alishika kamba akawa anaomba kimoyomoyo, na mimi niliyekuwa nimekuja kuulizia habari za kuku wangu nilimwonea huruma hadi nikawasahau kuku.

Karani akaalisha vidole, akaihutubia skrini: "Ewe faili niliyekulisha kwa mikono yangu miwili, herufi baada ya herufi, nipe mbuzi!" Mbuzi wakatoka wamejipanga. "Nipe kondoo!" Kondoo wakatoka, hakuna aliyechelewa. Basi akaagiza wasiochanjwa, akaandika mnyama = 'ng'ombe', akabonyeza.

Mashine ikagoma. Ikatoa mstari mwekundu, ikadai kuna kosa karibu na neno ombe.

"Ombe ni mnyama gani?" akauliza Daktari.

Jueni kwamba katika lugha ile neno linalotafutwa hufungiwa kati ya ritifaa mbili, vile vialama vinavyoning'inia juu kama koma, moja mwanzoni na moja mwishoni, na ng'ombe, kwa jeuri yake, hutembea na ritifaa yake mwenyewe tumboni. Mashine ilipoikuta ikadhani neno limekwisha, ikafunga lango, ombe akabaki nje. Karani aliling'amua hilo upesi. Akaifuta ritifaa ile ya tumboni, akaandika ngombe, akabonyeza tena. Jibu likaja: sifuri.

"Sifuri?" Daktari akapaza sauti. "Wilaya nzima haina ng'ombe?"

Huko uani ng'ombe wakalia kwa pamoja, wakikanusha.

Ilikuwa saa tano na nusu. Karani akasimama, akavua miwani. "Daktari, mbuzi nimewatiisha, kondoo nimewatiisha, leo ninaangushwa na kialama kidogo kuliko uchafu wa nzi! Nirudishieni daftari langu la panya." Machozi yalimlengalenga, na hilo silisemi kwa mzaha.

Mama Maziwa akachungulia dirishani. "Mwanangu, kwani kuna nini?"

"Mama, mashine haimwoni ng'ombe. Ikikuta ritifaa moja inasimama hapohapo, nikiifuta haimtambui."

"Sasa si uweke mbili? Hata huyu wangu nikimwita mara moja hageuki. Nikirudia ndiyo anakuja."

"Yaani sasa tunafundishwa kazi kutoka dirishani?" akafoka Daktari.

Lakini Karani alikwisha kuketi. Kidole chake cha shahada kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, kikashuka tena, na tazama, ritifaa mbili zikasimama tumboni, 'ng''ombe', mashine ikazisoma kama moja iliyo ya neno lenyewe, na lango likafunguka. Wakatoka ng'ombe kumi na tisa wasiochanjwa, na wa kumi na nne alikuwa wa Mama Maziwa. Daktari akarukia uani kwa kupitia dirishani, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Sindano ya mwisho iliingia saa sita kasoro dakika tatu. Mama Maziwa akamkumbatia ng'ombe wake shingoni, akalia waziwazi, mimi pia nikalia, na sioni aibu.

Karani akarudi kitini peke yake. Akaamuru kwamba penye ng'ombe wa Mama Maziwa, pale palipoandikwa hapana, paandikwe ndiyo. Mashine, ambayo haikuumbwa kumsifu mtu, ikamjibu kwa maneno matatu, nami naagiza yachongwe juu ya mlango wa kila ofisi, kwa kuwa wapo wafalme walioondoka duniani na majeshi yao bila kufikia hata hapo: mstari mmoja umebadilika.