Malalamiko Kuhusu Daraja la Kulipia na Kabichi Kumi na Mbili

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Malalamiko,
Kampuni Inayotengeneza Gemu ya Shamba.

Ndugu Mkuu,

Kwa heshima zote na kwa moyo mzito, ninakutangazia kwamba kabichi zangu kumi na mbili zimenyauka. Zilinyauka Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya macho yangu, nikiwa nimekaa nyuma ya cherehani na simu mkononi. Hazikuugua wala hazikukosa mbolea. Zilikosa maji tu, maana shamba zima lina ndoo moja. Na mtu aliyekuwa akizimwagilia kila siku, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa amesimama ng'ambo ya mto na ndoo yake imejaa, anazitazama zikifa. Mto huo mmeuchimba ninyi.

Naomba nijitambulishe kabla hujaitupa barua hii. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na mbili, nywele chache na miwani mbili: moja ya kutungia uzi, nyingine ya kumwona mapema mteja ambaye nguo yake haijaisha, ili niwahi kutokea mlango wa nyuma. Si mtu wa gemu. Vidole vyangu vimezoea sindano, na mara ya kwanza kushika gemu yenu nilimpanda mbuzi nikidhani nimepanda nyanya. Lakini nimecheza mwaka mzima bila kukosa siku, na sababu yake lazima uijue, maana ndiyo inayonifanya nikuandikie badala ya kutukana peke yangu kama watu wengine.

Kaka yangu ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Kwa miaka thelathini amepita dukani hadi dukani akihakikisha kilo ni kilo, na mtaani tunamwita Inspekta, hata mke wake. Anakaa nyumba ya tisa kutoka kwangu. Pamoja na ujirani huo, ni miaka miwili sasa hatusalimiani. Chanzo ni harusi ya binti wa dada yetu. Inspekta alisimama kutoa neno la familia mbele ya wakwe, akainama kidogo kwa heshima, na suruali ya suti niliyomshonea mimi ikaachia mshono wa nyuma kuanzia juu hadi kusikosemeka. Ukumbi mzima ulisikia. Mimi, kwa kulinda jina la duka, nikasema kwa sauti, "Jamani, vipimo vyangu viko sawasawa. Nguo haikupungua, Inspekta ndiye ameongezeka!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alijifunga kitambaa cha meza, akamaliza hotuba, akaondoka.

Hayo si ya barua hii. Ya barua hii ni kwamba dada yetu, ambaye ni muuguzi na amezoea kuwapa watu dawa bila kuwaambia ni ya nini, alitununulia gemu yenu, mimi kivyangu na kaka kivyake, akatuweka kwenye shamba moja bila kumwambia yeyote. Wiki nzima nilidhani yule mzee wa kofia ya bluu ni kibarua aliyetengenezwa na kampuni. Halafu nikamwona anapima kwa hatua nafasi kati ya shimo na shimo, anarudi, anapima tena. Nikasema moyoni, mtu huyu namjua, nimelala naye kitanda kimoja utotoni. Naye, nadhani, alinijua siku nilipolivalisha koti lile sanamu la kutishia ndege.

Hatukuandikiana hata neno. Lakini kila asubuhi nilikuta kabichi zangu zimelowa, na kila jioni mimi nilimfungia mbuzi wake aliowasahau nje. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwetu sisi ilikuwa kinyume: wagombanaji wenyewe ndio walioshika jembe. Na tulikuwa tunaelekea mahali pazuri. Mwezi uliopita aliniachia mlangoni mwa ghala maboga mawili. Maboga mawili, Ndugu Mkuu! Kwa kaka yangu hiyo ni sawa na kukumbatiwa.

Ndipo mlipoboresha gemu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mto. Shamba lile lililipiwa likiwa zima. Hakuna aliyetuambia kwamba ardhi ya katikati ni ya kuazimwa. Tuliamka tukakuta maji yamepita kati ya nyumba yangu na ghala lake, na tangazo lenu likitupongeza kwa kupata "furaha mpya isiyo na mipaka". Nimeitafuta furaha hiyo. Ni kushindwa kufika mahali nilipokuwa nafika jana. Daraja lipo, tena zuri, lina kingo za mbao na maua, ila limefungwa kufuli kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, na ufunguo unauzwa kwa bei iliyozidi ya gemu yenyewe. Nawapongeza. Mimi ningeona haya kumfungia mtu mlango wa chumba alichokwisha kukilipia, lakini ndiyo maana bado nakanyaga cherehani ya miguu.

2. Mmeandika kwamba akilipa mmoja, daraja linafunguka kwa wote wawili. Inaonekana mtaalamu wenu aliyebuni hilo alizaliwa peke yake. Mimi siwezi kulipa, kwa sababu nikivuka wa kwanza itakuwa nimekwenda kuomba radhi, na kosa langu silioni. Yeye hawezi kulipa, kwa sababu ni mkubwa, na tangu lini mkubwa akamfuata mdogo? Kwa hiyo kila asubuhi anakuja ukingoni na ndoo, nami nakuja ukingoni na kapu, tunatazamana, tunageuka. Serikali nyingi zimetoza kodi kwenye chumvi, baiskeli na hata redio. Ninyi ni wa kwanza kutoza kodi kwenye kupatana.

3. Mbuzi. Mbuzi wangu dume hana pembe; pembe ni nyongeza ya kulipia. Jogoo anafungua mdomo na hatoi sauti. Sauti ni nyongeza. Mti wa uani hauna kivuli. Nimekaa chini yake na jua limenipiga kichwani ndani ya simu. Gemu ya kwanza ya namna hii, aliyokuwa nayo dada miaka kumi iliyopita, ilikuwa na picha mbaya kama mchoro wa mkaa, lakini mbuzi wake alikuwa na pembe mbili na hasira za bure. Sasa picha zimependeza na mnyama amepungua.

4. Kwa kuwa kampuni yenu ni kubwa na duka langu ni dogo, nilifikiri pengine mjinga ni mimi. Nikaamua kuiga. Mteja wangu wa kwanza chini ya utaratibu wenu alikuwa dereva wa lori, mtu wa mabega mapana, aliyekuja kuchukua suruali ya kaki. Alitia mkono pembeni, mkono ukateleza hadi gotini.

"Fundi, mfuko uko wapi?"

Nikamweleza kwa upole kwamba mfuko ni nyongeza.

"Nyongeza? Na zipu?"

Nikamwambia zipu ipo, ila inafunguka kuanzia mwezi ujao, kwa wateja waaminifu.

Akaikunja suruali taratibu, akaiweka juu ya meza, akaniinamia. "Mzee wangu, nakuheshimu, una umri wa baba mdogo. Sasa nakwenda kunywa chai. Nikirudi nikute suruali ina mifuko, la sivyo hilo sikio lako la kushoto nalo litakuwa nyongeza."

Nilishona mifuko minne. Naomba kujua ninyi wateja wenu huwa wanakwenda kunywa chai wapi, na kwa nini hawarudi.

5. Hili nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu.

6. Mke wangu ni sehemu ya madhara. Amepoteza heshima yake kwangu. Juzi alinikuta nimesimama dirishani nikiutazama mtaa, nahesabu nyumba. Akasema, "Baba watoto, kutoka hapa hadi kwa Inspekta ni hatua mia na hamsini, na hakuna mto hata wa maji ya kufulia. Hilo daraja unaloomba lifunguliwe ni la nani?" Mtu aliyeolewa hatakiwi kuwa na maswali makali kiasi hicho kabla ya chai.

Kutokana na hayo, ninaiomba kampuni yako itekeleze moja kati ya mambo yafuatayo: mfungue daraja bila malipo; au mniletee ujumbe wa watu watatu wenye suti kamili, wakakae sebuleni kwa kaka yangu na kumweleza kwamba mvunja undugu wetu ni kampuni wala si mimi; au, kama hayo ni mazito, mje mchimbe mto wa kweli katikati ya mtaa wetu, kati ya nyumba ya nne na ya tano, ili mimi na yeye tuwe na sababu ya maana ya kutosalimiana. Majirani wameshaniahidi kwamba hawatadai fidia, mradi kuwe na samaki.

Nisalimie wote kazini: wanaochora mbuzi, wanaomtoa pembe baada ya kuchorwa, na yule kijana wa matangazo mwenye furaha isiyo na mipaka. Mwambie asichoke. Msalimie na mama yako, kama yupo, na umuulize kama alipokuzaa alikupa masikio papo hapo au ulisubiri toleo la pili.

Ni mimi, mteja wako wa ukingo wa magharibi,

Fundi.

Nyongeza (ya bure):

Barua hii imekaa siku nne kwenye droo pamoja na vifungo. Jana mchana niliitoa niisome mara ya mwisho kabla ya kuituma. Nilipofika kwenye suruali ya dereva nikacheka, kisha kicheko kikakata. Mkuki kwa nguruwe. Basi nakueleza ilivyokuwa, maana wewe hunijui na mtu asiyekujua ni rahisi kumwambia.

Ile suti ya harusi sikuimaliza. Wiki ile nilikuwa na sare za shule nzima, na kaka alikuwa ameshalipa yote siku ya vipimo, kama kawaida yake. Nikapiga bandi tu, ule uzi mrefu wa muda wa kushikizia kitambaa, nikainyoosha vizuri kwa pasi ikapendeza, nikamkabidhi nikijisemea kwamba aivae harusini kwanza, mshono wa mashine nitaupiga akiirudisha. Hakuna kilichoongezeka mwilini mwake. Nilijua hivyo palepale ukumbini, kabla hata sijafungua mdomo.

Nikaacha duka wazi, nikaenda. Hatua ni mia na arobaini na sita. Alifungua mwenyewe. Nikaona amekonda, shingo imekuwa kama ya mtu aliyetoka hospitali, nikasema yote pale pale kizingitini: "Kaka, hukunenepa. Ulikuwa uzi wa bandi. Nilikupa suti nusu, nikakusingizia mbele za watu."

Akauliza kikazi, kama anayeandika, "Vipimo vilikuwa sawa?"

"Vilikuwa sawa."

"Kiuno hakikuzidi?"

"Hata nusu inchi."

Akatafuta kiti, akakaa. Shemeji alitoka jikoni na mwiko mkononi, na kwake yeye ndiko nilikosikia lililobaki. Tangu ile harusi mume wake hali chakula cha jioni. Kila asubuhi anapanda mizani, na siku zile za mwanzo mizani ilimwambia uzito ni uleule wa siku zote. Akaona mizani ni mbovu. Akanunua nyingine. Nayo ikasema vilevile, akaipeleka kwa rafiki zake wa zamani kazini, wakamwambia nzima, akaigawa na kununua ya tatu. Huyu ni mtu aliyefunga maduka ya watu kwa tofauti ya gramu kumi. Mizani tatu, Ndugu Mkuu.

"Inspekta," nikamwambia, "si ulikuwa unaona namba kwa macho yako?"

"Niliona," akasema. "Lakini aliyenipima ni ndugu yangu. Nikajua inayodanganya ni mizani."

Kwa hiyo nayaondoa malalamiko yangu yote, isipokuwa la mbuzi, na daraja mliache lilivyo. Shemeji aliweka sahani mbili mezani, saa kumi alasiri, saa ambayo si ya mlo wowote. Kaka aliitazama yake kwa muda, akanitazama mimi, kisha akanawa mikono. Alikula yote akaongezewa, na ile ya tatu tulikula pamoja, sahani moja, hakuna aliyepima.