Choki za Ukumbi Mpya

Jumatatu, 4 Machi

Bi Meneja ametangaza: ukumbi mpya unafunguliwa Jumamosi, na siku hiyohiyo mmoja wetu, mimi au Koleo, ataitwa fundi mkuu. Shida ni moja. Mama mkwe nilishamwambia kuwa fundi mkuu ni mimi. Tangu mwaka jana. Na Jumamosi anakuja kujionea.

Taa za ukumbini kapewa Koleo. Anapiga mluzi huku akikaza skrubu. Simpendi mtu wa namna hiyo.

Jioni nikajipenyeza stoo. Taa hizi kubwa za dari haziwaki bila choki, kile chuma kizito kinachoipimia taa umeme wake. Choki za ukumbini ni za wati mia nne, za uani ni za wati mia mbili hamsini. Kwa umbo ni pacha. Lebo tu ndiyo inayozitofautisha. Nikabandua lebo zote. Za huku kule, za kule huku. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwisha. Koleo kahamishiwa jengo la pili, na Bi Meneja kasema taa zote, za ukumbini na za uani, nifunge mimi. Ananiamini, eti.

Nikatoka mbio hadi stoo, nikarudisha lebo zilikotoka. Gundi ilikuwa bado mbichi. Nikashangaa kidogo, lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemaliza kufunga. Mama watoto kauliza kama nimezijaribu. Nikamjibu kuwa fundi mkuu hajaribu, anajua. Akanitazama, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nikawasha. Ukumbini taa zikatoa mwanga wa kaa la jikoni, zikaishia hapo. Wageni wakawa wanapapasa viti. Uani kukawa kweupe kuliko mchana. Mama mkwe akasema kwa upole kwamba labda sherehe ni huko nje. Watu wote wakahamia huko uani, kwenye maegesho ya magari, Bi Meneja na hotuba yake nyuma yao. Nikaanza kudai ndivyo nilivyopanga. Taa za uani zikapasuka, moja baada ya nyingine.

Wakarudi ndani. Nikaona nizime za ukumbini niwashe upya, labda zitapata nguvu. Nikazima. Nikawasha. Giza. Nikazima, nikawasha. Giza tupu, na mtoto wa mtu analia.

Koleo akatokea na tochi. Akasema taa hizi zikizimwa zikiwa moto hazikubali kuwaka mpaka zipoe, kwa hiyo niiache swichi. Nikajua ananionea wivu. Nikaendelea kuibonyeza. Akanishika mkono, akaiwasha yeye mara moja, tukasimama hivyo kama wachumba. Baadaye mwanga ukarudi, hafifu lakini mwanga. Watu wakampigia makofi. Yeye!

Kisha akamweleza Bi Meneja kwamba kuna mjinga alikuwa amebadilisha lebo za choki, yeye akazipima choki kwa mita ya umeme Jumatano asubuhi na kuzirudishia lebo zake, na inaonekana mjinga huyo karudi tena. Hapo ndipo nikaielewa ile gundi.

Mama mkwe akaniuliza kijana yule ni nani. Nikasema ni msaidizi wangu. Kabla sijafunga mdomo, Bi Meneja akashika kipaza sauti, akamtangaza Koleo fundi mkuu. Mama mkwe akasema neno moja tu: kumbe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njia nzima ya kurudi alizungumza na binti yake, mimi nikabeba mikoba.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepangiwa kufagia stoo. Nimekaa nikafikiri sana juu ya yaliyotokea, na kosa nimeliona: lile Koleo la mluzi linapenda kugusa vitu visivyolihusu.

Sasa sikia. Mama mkwe kamwita Koleo nyumbani kwake akamfungie taa ya getini na ya uani. Kamwita yeye, wakati mkwe yupo! Choki mbili zimeshatengwa stoo, ya mia nne na ya mia mbili hamsini, zinamsubiri. Nimebadilisha lebo.

Na safari hii sichanganyikiwi. Juu ya kila choki nimebandika kilebo kingine, kwa mwandiko wangu mwenyewe: IMEBADILISHWA.