Vichupa Vitupu vya Mheshimiwa Mkurugenzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, bodi ambayo itaundwa karibuni. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mapokezi, Kamati ya Vinywaji na Kamati ya Kuratibu Kamati. Ndugu wataalamu na mastekiholda wa ngazi zote. Ndugu wafugaji wa kuku mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti. Na shangazi yangu, dada yake marehemu baba, mfugaji mkongwe, ambaye namwona amekaa safu ya mbele bila kadi ya mwaliko, shikamoo shangazi. (Shangazi: "Marahaba. Fupisha, baba, kuku wanakufa.") Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naagiza izingatiwe!

Nimesimama mbele yenu kifua mbele, mimi Mkurugenzi Mkuu, kuzindua rasmi, kwa mujibu wa mamlaka niliyojipa kwa kushauriana na mimi mwenyewe, Kituo cha Taifa cha Kutengeneza Oligonukleotidi, kituo cha kisasa, cha kimkakati, chenye dira, dhima na kauli mbiu, kitakachofasilitisha inovesheni mtambuka kuanzia ngazi ya molekuli hadi ngazi ya kata. (Makofi ya watu wawili, wote wasaidizi wake.)

Najua mnajiuliza, oligonukleotidi ni nini? Swali zuri sana, nashukuru kwa kuniuliza. (Hakuna aliyeuliza.) Oligonukleotidi ni vipande vifupi vya DNA, yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe, kuanzia kifaranga hadi mkurugenzi, isipokuwa vipande hivi havizaliwi na mtu wala kutagwa na kuku, vinaundwa maabara, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anavyotunga shanga kwenye uzi. Ukitaka kujua kama mdudu fulani wa ugonjwa yumo kooni mwa kuku, unaagiza kipande kinachofanana na sehemu ya huyo mdudu, unakitia kwenye sampuli, kinamsaka, kikimkuta kinamng'ang'ania, na mashine inaanza kunakili hapo hapo mpaka nakala zinajaa tele na mdudu hana pa kujificha. Wataalamu wanakiita praima. Mimi nakiita mpelelezi! (Wafugaji: "Huyo sawa!")

Kazi za oligonukleotidi ni nyingi mno. Zinapima magonjwa, zinaonyesha mtoto ni wa nani, zinatambua nyama ya buchani ni ya mnyama gani, jambo ambalo asilimia tisini na nane ya wenye mabucha wameniomba nisilizungumzie leo. (Kicheko.) Na herufi zenyewe ni nne tu: A, T, G na C. Nne! Nilipoambiwa nilisikitika sana. Nikasema, haiwezekani taifa zima liendeshwe kwa herufi nne wakati sisi wenyewe tuna alfabeti nzima. Kwa hiyo katika awamu ya pili Kituo hiki kitaongeza herufi ya tano, ya kizalendo, nayo itakuwa herufi ya kwanza ya jina langu. (Sauti ya mwanamke mlangoni: "Mheshimiwa, haiwezekani! Na hivyo vichupa ni vyangu!")

Naam, mmemsikia binti yule aliyesimama mlangoni, mwenye koti jeupe na kasha la barafu mkononi, mtafiti wetu, ambaye ninyi wafugaji mmempa jina la Daktari wa Kuku. Anasema vichupa hivi vilivyo mezani kwangu ni vyake. Huo ndio uzalendo! Nataka kila mwananchi aseme hivyo hivyo: vichupa ni vyangu, Kituo ni changu! (Daktari wa Kuku: "Sisemi hivyo! Nasema niliviagiza mimi, kwa jina langu, nimevisubiri tangu kuku waanze kufa! Kesho alfajiri kikosi kinakuja kuchinja na kufukia kuku wa mtaa mzima!")

Tulia, binti, jazba haijengi. Ngoja niwafafanulie wageni. Ni kweli kuku wa mtaa huu wanapinda shingo na kuanguka, na ni kweli kuna magonjwa mawili yanayofanana kama pacha. Mmoja unatibika kwa dawa ya kutia kwenye maji, mwingine hautibiki, na ukiwa ni huo basi kuku wote wanauawa, wagonjwa kwa wazima. Bila kipimo hakuna anayeweza kujua ni upi, na mimi niliyesaini amri ya kuchinja nilisaini kwa moyo mzito na kalamu nzuri. (Shangazi: "Ulisaini uchinje kuku waliokulisha mayai ukiwa huna hata jino! Huna haya wewe?") Shangazi, hayo ni mambo ya ndani ya familia.

Turudi kwenye bidhaa. Huu hapa mzao wa kwanza wa Kituo, vichupa vidogo vya plastiki, vyenye stika ya Kituo na picha yangu nikitabasamu. Tazameni! Nakiinua kimoja kwenye mwanga. Mnaona nini ndani? (Umati: "Hakuna kitu!") Hasa! Hamwoni kitu! Ndiyo ubora wenyewe, waheshimiwa, kwa sababu oligonukleotidi ikishakaushwa inabaki kama ukungu mwembamba chini ya kichupa, haionekani kwa macho, haina harufu, na fizibiliti stadi yetu imethibitisha kwamba asilimia mia moja ya watu waliotazama hawakuona chochote. Kila taifa linajivunia vinavyoonekana, mabarabara, mabwawa, uwanja wa ndege. Ni sisi peke yetu tuliothubutu kujenga kisichoonekana! (Makofi. Mwenye kiti cha mwisho anaamka, naye anapiga makofi.)

Sasa, ili kuonyesha uwazi na uwajibikaji, nitakifungua kichupa hiki, nipulize vumbi lolote lililomo chini yake, kisha nitie maji haya ya kunywa ya meza kuu, ili Mwakilishi wa Mgeni Rasmi akifika aonje. (Daktari wa Kuku anapiga yowe: "Usipulize! Hilo vumbi ndilo lenyewe! Toba, mtu huyu ataua kuku wote kwa pumzi moja!") Jamani, mbona kelele? Mtu hawezi kupuliza katika kituo chake? (Shangazi anasimama, anapanda jukwaani.) Shangazi, ngazi hizo ni za viongozi. Shangazi, taratibu, goti lako. Usinishike sikio mbele ya waandishi, nakuomba! (Kamera zinamulika.)

Basi, basi. Waheshimiwa, ratiba ilikuwa na kipengele cha kukabidhi mzao wa kwanza kwa mwananchi wa kawaida, na baada ya mchakato shirikishi uliofanyika sasa hivi sikioni mwangu, mwananchi huyo, bila upendeleo wowote wala undugu, ni shangazi yangu. Pokea, mama, kwa niaba ya taifa. (Vigelegele. Shangazi anafunika kichupa, anakusanya vyote, anampa Daktari wa Kuku, ambaye anaviweka kwenye kasha na kutoka mbio.) Binti, bado picha ya pamoja! Na wewe shangazi, unakwenda wapi na dereva wangu? (Mlio wa gari nje.) Hiyo si gari yangu? (Wafugaji: "Inakwenda maabara!") Katibu, andika kwamba Mkurugenzi alitoa usafiri.

Sasa, baada ya utangulizi huo mfupi, niingie kwenye hotuba yenyewe.

(Saa tatu baadaye. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi bado yuko njiani. Wasaidizi wamekwenda kuvuta hewa na hawajarudi. Wafugaji wamekaa kwenye viti vya wageni, wanatazama simu.)

Na kwa hayo machache nafika kwenye kilele, kufunua mtambo. Nyuma ya pazia hili, ndugu zangu, ndipo ulipo Mtambo Mkuu, unaotunga herufi kwa kasi ambayo sitaki kuitaja nisije nikaonekana najisifu. Moja, mbili, tatu! (Anavuta pazia. Nyuma yake ni ukuta, na sinki la kuoshea vyombo.) Mnaona kitu? Hamwoni! Nilisema nini mimi? Hauonekani kwa macho! (Wafugaji wanacheka mpaka wanashika mbavu.)

Inueni mikono twende na kauli mbiu! Oligo! Mnajibu, "Zetu!" Oligo! (Umati: "Za binti!") Kichupa! (Umati: "Kitupu!") Mkurugenzi! (Umati: "Kitupu!") Mwitikio mzuri, utaboreshwa.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mpishi wa kantini, kwa kuwa pazia hili ni vitambaa vyake vya meza na Kituo hiki ni kantini yake, nami nimeahidi kumrudishia vyote kabla watu hawajaanza kudai chakula. (Mpishi: "Wamedai tangu mchana!") Namshukuru fundi wa stika, kiwanda pekee kilichofanya kazi katika mradi huu. Na kwa namna ya pekee namshukuru Daktari wa Kuku. Kifurushi chake kilipofika ofisini kwangu nilikifungua, nikaona vichupa havina kitu, nikainua simu niwaambie polisi kwamba nchi imetapeliwa. Akaja mbio, akanieleza kwa upole kwamba praima zimo ila hazionekani. Hapo, ndugu zangu, akili yangu ikafunguka. Nikasema, kumbe kuna kitu duniani naweza kukitengeneza bila kukitengeneza!

(Simu inalia. Mfugaji mmoja anaipokea, anaiweka sauti ya juu. Ni shangazi, analia na kucheka kwa pamoja: "Kipimo kimetoka! Ni ule unaotibika! Mwambieni huyo mtoto wa kaka yangu afute amri yake sasa hivi, la sivyo narudi kumalizia sikio la pili!" Ukumbi unalipuka. Watu wanakumbatiana, viti vinaanguka.)

Naifuta! Katibu yuko wapi? Hayupo, basi naifuta kwa mdomo, na kwa mkono, leteni kalamu! Kuku hawachinjwi! Shangazi, unanisikia? Hawachinjwi! (Anajifuta macho kwa kitambaa cha meza.) Samahani, ni kitunguu cha mpishi.

Lakini kabla sijashuka, waheshimiwa, hebu tulieni mfikirie jambo moja. Kituo ambacho hakipo, kwa siku moja tu, kimeokoa kuku wa mtaa mzima. Je, kingekuwepo?

Asanteni sana kwa kunisi... (Mpishi anazima kipaza sauti.)