Mwenye Harusi Hutajwa Kwanza

Jumanne, 3 Juni 2025
Shajara, habari ya siku nyingi. Hapa mume wangu Baba Weldon ni mzima, Chelimo amekuja kutoka Nairobi mzima, ng'ombe wazima, kuku mmoja anakohoa. Mimi sijambo ila moyo. Kule Mulot kijana wa Rebeccah anaoa, na kikundi chetu cha akina mama kimempa Rodah kazi ya mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Rodah! Vibuyu vyangu buibui wamehamia. Watu watasema Chelimo hana mama.

Jumatano, 4 Juni
Chelimo ametengenezea kikundi tovuti. Anasema ukitaka linki ya oda, andika muuzaji kwanza, mnunuzi pili. Kompyuta haijui mtu, inajua nafasi yake. Ama kila jina liandikie kazi yake, muuzaji=fulani, hapo anza na yeyote. Nikaitikia. Alipoenda kukama, kwenye linki ya harusi nikatoa Rodah, nikajiweka. Lakini nina adabu. Mwenye harusi hutajwa kwanza. Rebeccah, halafu Mama Chelimo. Nikatuma. Safi!

Alhamisi, 5 Juni
Rebeccah amepiga simu. Anauliza ni lini alianza kuuza mursik, na kwa nini aniletee vibuyu wiki ya harusi. Nikasingizia mtandao. Nikarekebisha haraka. Rebeccah nikamwacha mbele, siwezi kurudisha nyuma mama wa watu. Kwangu nikaongeza kazi: muuzaji=Mama Chelimo.
Imekataa! Tena imetangaza kwenye WhatsApp ya kikundi: muuzaji amepewa mara mbili, Rebeccah na Mama Chelimo. Rodah ametuma kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.
Chelimo akaisoma linki yangu. "Mama, nafasi ya kwanza tayari ni ya muuzaji. Andikia wote kazi, ama usiandikie yeyote."

Jumamosi, 7 Juni
Harusi. Mursik ikabaki kazi ya Rodah, na alinipa kikombe cha kwanza mbele ya watu. Ilikuwa tamu, ashindwe. Akaninong'oneza: "Mama Chelimo, harusi ijayo, ya kwa Mzee Mosoti, tutengeneze pamoja. Vibuyu vyako ni vizuri kuliko vyangu." Nikatoa machozi. Moshi wa jikoni.

Jumapili, 8 Juni
Nimefikiria kanisani. Pamoja ya nini? Chelimo amerudi Nairobi. Linki ya Mosoti nimeandika mwenyewe, sijaandikia yeyote kazi, vile alisema. Mosoti kwanza, ni mzee wa watu. Mimi pili. Rodah hayumo. Nimetuma.
Simu inalia. Ni Mosoti. Sishiki. Shajara, ukijua anataka nini, nijibu upesi.