Kilima Kisichopata Joto

Jumatatu, 3 Februari

Leo sijapanda kilimani. Jana pia sikupanda. Kusema kweli ni mwaka wa tatu sasa.

Kibanda cha kipimajoto kiko juu kabisa, dakika arobaini kwa miguu, na njiani hakuna kivuli cha kumtosha hata paka. Zamani kulikuwa na miti. Tanuri la matofali limeichoma yote. Ruhusa ya kuikata nilitia saini mimi, kwa kisingizio kwamba matawi yanazuia mvua isiingie kwenye kipimamvua. Nikapewa matofali mia nne, asante ya mkono. Ndiyo chumba chetu cha wageni. Sipendi kukaa humo.

Kwa hiyo joto limezidi hadi mpimaji wa joto hawezi kwenda kulipima. Jambo hili sijamwambia mtu.

Njia yangu ni rahisi. Nafungua daftari la mpimaji aliyestaafu, la miaka kumi na tano iliyopita, natafuta tarehe kama ya leo, nanakili. Hapa naongeza nukta mbili, pale napunguza moja. Leo: nyuzi thelathini na moja. Mtu yule alikuwa na mwandiko mzuri, na hewa yake ilikuwa nzuri pia.

Saa sita nikapiga simu makao makuu ya hali ya hewa, kisha kwa msimamizi wa tanuri. Huko wana sheria yao: namba yangu ikifika thelathini na tano, filimbi inapigwa na wabebaji wanapumzika kivulini hadi saa tisa. Mwaka huu filimbi haijalia hata mara moja. Msimamizi ananipenda kama ndugu.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mbebaji hapo. Jioni alipita kutusalimia. Alikunywa mtungi mzima wa maji.

Jumanne, 4 Februari

Balaa. Bi Rula amepiga simu.

Bi Rula ni mkaguzi wa takwimu makao makuu. Jina tumempa sisi wa vituoni, kwa sababu kosa lolote analipiga mstari ulionyooka. Aliwahi kunirudishia ripoti nzima kwa doa la chai. Tangu hapo hatupikiki chungu kimoja.

Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake akanisifu! Alisema vituo vyote vya nchi vimepanda joto miaka hii, isipokuwa changu. Alisema huenda kilima hiki kina siri ambayo wataalamu wanapaswa kujifunza. Anakuja Ijumaa kujionea mwenyewe.

Kichwa kilinivimba kwa dakika kumi hivi. Halafu kikanywea. Mke wangu aliuliza mbona natokwa na jasho hivyo. Nikamjibu ni joto. Akasema joto gani, wakati mimi mwenyewe nimetangaza thelathini na moja.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepanda. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya kibanda, na mmoja ameniuma sikio. Nilipowafukuza, nikasoma kipimajoto. Thelathini na nane! Nikafuta kioo, nikasoma tena. Thelathini na nane.

Kutoka juu niliona tanuri lote, moshi wake na foleni ya wabebaji wenye matofali kichwani. Shemeji nilimjua kwa shati lake jekundu. Alikuwa anatembea polepole kuliko wenzake.

Simu ilikuwa mfukoni. Neno moja tu na filimbi ingelia. Lakini kesho ningemwambia nini Bi Rula, kwamba joto limepanda nyuzi saba kwa usiku mmoja? Nikampigia msimamizi. Thelathini na moja, nikamwambia. Akanishukuru.

Nilikaa chini ya kibanda, ndicho kivuli pekee kilichobaki kilimani, na niliona aibu. Niliiona hasa. Kisha nikawaza barafu.

Ijumaa, 7 Februari

Vipande viwili vya barafu, kutoka kwa muuza samaki. Nilivificha chini ya sakafu ya kibanda kabla jua halijakaza. Hesabu yangu ilikuwa kwamba vitapunguza nyuzi saba tu, basi. Ili nisisumbuliwe mbele ya mgeni, tanurini nilipiga simu mapema kabisa: thelathini na moja.

Bi Rula alipanda kilima bila kuhema. Akafungua kibanda, akavaa miwani, akasoma.

Kumi na moja.

Saa sita mchana! Jua la kukaanga mayai, na kipimajoto kinasema kumi na moja! Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kiatu chake. Nikasema nimekiosha kibanda kwa heshima ya ujio wake. Akanitazama kwa muda mrefu. Nikatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

Hatimaye akanipa pole. Alisema kifaa hiki kimekufa, kimekuwa kinanidanganya miaka yote hii, mimi mtu mwaminifu ninayepanda kila siku kwenye jua hili. Akakifungua taratibu, akakiviringisha kwenye gazeti na kuweka kipya. Kifaa cha watu hakikuwa na kosa lolote. Kimebebwa kama mwizi, nami nimekishikia mfuko.

Bado ananipa pole, mke wangu akapiga simu. Shemeji ameanguka tanurini akiwa na mzigo kichwani. Hajitambui.

Jumamosi, 8 Februari

Hospitali. Amezinduka, dripu mkononi, midomo imepasuka. Nilikuwa nimeamua kukiri. Sentensi nilikuwa nayo tayari, nimeirudia kwenye ngazi mara nne.

Akaniwahi. Aliuliza jana ilikuwa nyuzi ngapi. Kabla sijafikiri, ulimi ukasema thelathini na moja. Akafumba macho. Alisema basi mwili wake umeoza, maana kuanguka siku ya baridi kiasi hicho si jambo la mwanamume mwenye afya. Alisema wenzake wamebeba siku ileile, kwa namba ileile, na hakuanguka mwingine. Akaniomba nisimwambie dada yake kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri. Anaona aibu.

Yeye ndiye anaona aibu! Nilitamani ardhi inimeze na kiti changu.

Nikasema pole. Nikaweka machungwa mezani, nikaondoka.

Jumapili, 9 Februari

Shemeji ameruhusiwa. Anasema kesho anarudi kazini, asije akaonekana legelege. Mke wangu amemlaza kwenye chumba cha wageni. Alisema chumba kile kina kuta nzuri.

Nimeamua. Kuanzia kesho mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 10 Februari

Nimetubu! Mpango mpya: kila namba ya daftari la zamani naiongeza saba. Haki inatendeka na magoti yangu yanapona.

Thelathini na nane niliiandika asubuhi wakati wa chai. Saa sita nikampigia msimamizi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, eti kwake kuna wingu. Nikamuuliza mpimaji ni nani kati yetu. Thelathini na tano imepitwa, sheria ni sheria: dakika moja baadaye nikaisikia filimbi kutoka huku nyumbani. Machozi yalinilenga.

Saa nane nilitoka kuanua nguo. Zilikuwa zimelowa chapachapa. Manyunyu yalikuwa yameanza tangu saa sita, na upepo wa baridi juu yake. Sikuwa nimechungulia nje.

Jumanne, 11 Februari

Shemeji amerudi hospitali, safari hii kwa miguu yake. Jana kwenye mapumziko alikuwa anatetemeka, na namba imeandikwa ubaoni: thelathini na nane. Amemwambia daktari kwamba amekwisha. Kwenye thelathini na moja anaanguka kwa joto, kwenye thelathini na nane anasikia baridi. Wamemtoa damu mara tatu na hawaoni ugonjwa, naye anawaomba watafute tena. Ameshaaga kazini. Mke wangu analia jikoni, anauliza mdogo wake amerogwa na nani.

Sikuweza kumtazama usoni. Nimejifungia na daftari. Mambo haya hayawezi kuendelea hivi, na mtu mzima lazima ajue pa kusimama. Moja ilikuwa chini mno, nyingine juu mno. Nimepiga hesabu ya kati kwa uangalifu, nikairudia, nikahakiki: thelathini na nne na nusu.

Nimeshaiandika hadi mwisho wa mwezi.