Kampuni Iliyogeuka Mara Nne

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya ishirini ya kampuni. Mvua imenyesha asubuhi nzima, kama nilivyopanga.

Miavuli myeusi arobaini, imetundikwa ukutani kwa mstari. Wazo ni rahisi. Mtu kanyeshewa njiani, anaingia kwangu, anakodi mwavuli, anaurudisha kesho. Niliacha ukarani katika duka la vifaa vya ofisi kwa ajili ya wazo hili. Waliokodi leo ni watatu. Wawili kati yao walikuwa mtu mmoja, alirudi kwa sababu mwavuli wa kwanza haukufunguka.

Kikwazo pekee nilichokiona hadi sasa: watu wa mtaa huu wana miavuli yao.

Baba mdogo amepita. Chumba ni chake, alinipa nikitumie bure hadi katikati ya mwezi. Akasimama mlangoni, hakuingia, viatu vilikuwa na matope. Akasema mambo ya kampuni changa hayajui, ila macho anayo. Jumamosi ya tarehe kumi na tano atasimama ng'ambo ya barabara aone ni watu wangapi wanaingia mlangoni. Wakiwa wengi, nabaki. Wasipokuwepo, chumba kinakwenda kwa kinyozi wa jirani, anayetaka kuvunja ukuta aongeze viti viwili.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina takwimu. Nikamwonyesha daftari. Akaguna.

Kinyozi huniita Mkurugenzi. Mwanzoni nilipenda.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma upya maandishi yangu ya semina. Ilikuwa ya siku mbili, nilihudhuria moja na nusu. Mkufunzi alisema kampuni changa haifi kwa kukosea, inakufa kwa kung'ang'ania. Fanya jaribio dogo, sikiliza wateja, kisha geuka. Ile nusu siku niliyokosa ndiyo ilikuwa ya kusikiliza wateja, lakini hilo linajieleza lenyewe.

Jaribio la leo: asubuhi kibao kushoto kwa mlango, mchana kulia. Matokeo: kushoto mteja mmoja, kulia hakuna. Kinyozi akauliza kwa nini nahamisha kibao kama mtu anayetafuta mtandao. Nikamweleza ni sayansi. Akasema mchana mvua ilikuwa imekatika. Nimeliandika hilo chini ya "fitina za washindani".

Mama mkwe amewasili. Kaja kumwona mjukuu, lakini mjukuu yuko shule hadi saa kumi, naye hajui kukaa bure. Ameshona sare za shule miaka thelathini. Mke wangu kasema mama ashinde nami dukani, anichangamshe. Mke wangu anafundisha hisabati. Mtu wa hisabati hampeleki mama yake mahali hivi hivi. Nahisi nimeletewa mkaguzi.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Mgeuko wa kwanza: kutoka miavuli ya mvua kwenda miavuli ya jua.

Nimeitoa nje yote arobaini, nimeifungua, nimeipanga mbele ya mlango ili wapita njia waone kivuli. Watu walipita wakiteremsha sauti. Mwanamke mmoja akauliza aliyefariki ni nani. Wawili walinipa pole na kuendelea na safari. Saa tano nikairudisha ndani.

Mama mkwe, wakati huo, alikuwa amekifikia kiroba cha pembeni chenye miavuli mingine sita iliyorudi imeharibika. Akaomba sindano, uzi mnene na koleo. Nikamwambia asijisumbue, hiyo ni mizoga.

"Hii haijafa, baba," akasema. "Ubavu umeachia uzi tu."

Ananiita baba kwa heshima zote, lakini kwa sauti inayonifanya nijisikie nina miaka minane. Kufikia saa saba alikuwa amemaliza yote sita. Nikamshukuru, kisha nikamweleza taratibu kwamba ile sita nilishaiandika kuwa hasara, na kuifufua kunavuruga daftari.

Muuza magazeti alisimama akamtazama anavyoshona. Akauliza kama anaweza kuleta wake wa nyumbani. Nikamjibu kwamba sisi ni kampuni ya kukodisha, si mafundi. Akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe, akaondoka polepole kama mtu aliyesahau kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Mgeuko wa pili. Tangu mwanzo nimekusanya namba za simu za watu thelathini na mmoja. Jana jioni niliwatumia wote ujumbe: "Kesho mvua kubwa. Mwavuli wako unakungoja hapa kwetu." Chanzo cha habari ni goti la kinyozi. Aliniambia linamuuma, na kila mtu anajua magoti yanahisi mvua.

Halikudondoka hata tone. Watu kumi na mmoja walitembea na miavuli yao chini ya jua, kisha wakaja kunilaumu. Kumi na mmoja, kwa siku moja! Haijawahi kutokea tangu nifungue.

Wakati naomba radhi, saba kati yao wakawa wanamwonyesha mama mkwe miavuli yao: huu unapinduka kwa upepo, huu haufungi, huu mpini unazunguka. Akatengeneza minne papo hapo. Walioingia wamenuna walitoka wanacheka.

Nimeandika hitimisho: watu wanapenda kuombwa radhi.

Kinyozi naye kaja kulalamika. Goti linamuuma kwa sababu alianguka kwenye kiti cha kunyolea. Alinieleza vizuri, anasema, ila nilikuwa naandika.

Jumanne, 11 Machi

Mezani mke wangu kauliza: kati ya wale kumi na mmoja, wangapi walitaka kukodi? Nikasema hakuna. Wangapi walileta kitu kitengenezwe? Nikasema saba. Akaweka kijiko chini.

"Sasa wewe hapo unaona nini?"

Nikamwambia naona fursa. Akangoja. Mama mkwe pia akangoja, mkono ukiwa kwenye chumvi. Nikasema: fursa ya kutunza miavuli. Mtu anafika kazini mwavuli umelowa, unachuruzika sakafuni, bosi ananuna. Auache kwangu asubuhi, nimpe kikaratasi, auchukue jioni umekauka. Mgeuko wa tatu.

Mke wangu akaokota kijiko chake. Akasema nitageuka mpaka nishikwe na kizunguzungu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua toka alfajiri. Miavuli kumi na tisa imeachwa kwangu. Kumi na tisa.

Ni kweli kwamba kumi na minne ilikuwa mibovu. Ni kweli pia kwamba wengi waliniruka mimi na kumkabidhi mama mkwe mkononi. Nilisimama kati yao na vikaratasi vyangu nikivibandika panapopatikana. Mama mkwe hakuinua kichwa hadi saa tisa, chai yake ikapoa.

Jioni walipokuja kuchukua, kila mmoja alifungua, akafunga, akafungua tena. Mwanamume mmoja mwenye mvi alifanya hivyo mara sita pale mlangoni, akizuia njia, na hakuna aliyemgombeza.

Wa mwisho alikuwa muuguzi wa zahanati ya pale juu. Mwavuli wake ulikuwa wa marehemu mumewe, mpini wa mbao, haujafunguka miaka minne. Mama mkwe alikuwa ameutoa springi, akaisafisha kutu, akairudisha. Akampa mwenyewe aufungue. Ukafunguka mara moja, bila kelele. Muuguzi akasimama chini yake, humo humo ndani chumbani. Hakuondoka. Mama mkwe akaendelea kukunja nyuzi zake kana kwamba hakuna mtu.

Nikamkumbusha yule dada kwamba muda wa kutunziwa ulikwisha saa kumi na moja. Mama mkwe akanitazama. Nikaenda kufagia.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala vizuri. Takwimu zimechafuka. Mtu akiingia sasa siwezi kujua kaja kutunziwa au kutengenezewa. Mkufunzi alisema wazi: pima jambo moja kwa wakati mmoja. Zimebaki siku mbili baba mdogo aje. Lazima nijue nini hasa kinafanya kazi.

Nimeandika kibao, herufi kubwa: HAPA HATUTENGENEZI MIAVULI. TUNATUNZA TU.

Kisha nikamwendea mama mkwe, nikachutama ili nisiongee nimemsimamia, nikamwomba apumzike siku mbili kwa ajili ya utafiti. Akasoma kibao. Akanisoma mimi.

"Sawa, baba," akasema. Akakunja uzi, akachomeka sindano kwenye kola, akachukua koleo akatoka. Koleo ni langu. Sikuthubutu.

Ijumaa, 14 Machi

Takwimu zimekuwa safi sana. Wameingia wawili. Mmoja aliuliza mama kaenda wapi. Mwingine aliuliza hilohilo, kwa ukali.

Saa nne nikasikia vicheko upande wa pili. Nikachungulia. Mama mkwe yuko kwenye kibaraza cha kinyozi, kaketi kwenye kigoda, mwavuli magotini. Mbele yake foleni. Wanaosubiri, kinyozi anawaita ndani mmoja mmoja anawanyoa. Muuza magazeti alikuwa na mwavuli kwapani na sabuni shavuni.

Kinyozi hakupata hata nafasi ya kuniita Mkurugenzi. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Nilikwenda nikamnong'oneza mama mkwe kwamba, kwa heshima zote, yupo kwa mshindani. Akasema nilimwambia apumzike, naye anapumzika. Akauma uzi kwa meno na kumwita anayefuata.

Jumamosi, 15 Machi

Baba mdogo alikuwa ng'ambo ya barabara saa mbili kamili, kabeba kiti chake.

Hadi saa nne hakuna aliyeingia. Nikatoka na kuingia mwenyewe. Nikatoka tena, nikaingia nimevaa koti. Mara ya tatu nilivaa kofia. Baba mdogo akanipungia mkono.

Nikaketi. Kupitia ukutani nilimsikia kinyozi akipima, akitaja urefu kwa sauti. Nikafikiria jinsi ya kumwambia mke wangu, na jinsi ya kurudi dukani kuuza peni kwa watu wanaonijua. Nikaitazama miavuli yangu ukutani, imenyooka, haina kosa. Kwa mara ya kwanza sikuwa na wazo lolote.

Saa sita baba mdogo akavuka. Alipita mlango wangu bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye foleni, akauliza mwenye kazi ile ni nani. Wakamwonyesha. Akamwambia mama mkwe kwamba chumba kipo, kina dirisha, kazi ya macho haifai kufanyiwa kibarazani. Kinyozi akaanza kukunja utepe wake wa kupimia.

Mama mkwe akaja kukiona. Akasimama penye mwanga, akageuza kiganja huku na huku. Akasema atakichukua, ila ana sharti. Meza ya mlangoni akae mkwe wake, apokee miavuli na kuandika vikaratasi.

Baba mdogo akauliza, kwa sauti ya chini ambayo niliisikia yote, kwa nini ajitwishe mzigo huo.

"Ana mwandiko mzuri," akasema mama mkwe. "Halafu ni mtu asiyechoka. Mtu wa namna hiyo ni bora awe ndani, umwone."

Nikaenda nyuma ya mlango kutafuta kalamu. Nilikuwa nayo mkononi. Nilikaa huko kidogo.

Nyumbani mke wangu akaniambia mama yake hajawahi kumwombea mtu nafasi, hata yeye mwenyewe, binti yake. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, na muda ule ilikuwa kweli.

Jumatatu, 24 Machi

Wiki imekwenda vizuri ajabu. Foleni inafika kwenye kona. Mama mkwe hatarudi kwake kwa sasa, ameleta cherehani. Anayeacha mwavuli hapa anaazimwa mmoja wa ile myeusi bure mpaka wake upone. Nilipinga, nikapuuzwa. Yote arobaini inatoka asubuhi na jioni inarudi. Baba mdogo kaleta wake, kapewa kikaratasi kama watu wengine.

Nimetulia nikachambua kilicholeta ukuaji huu, na jibu liko wazi: migeuko yangu mitatu. Nisingegeuka, mama mkwe asingekuwa na kitu cha kutengeneza. Nimemweleza. Akasema vizuri, nimpe uzi.

Lakini leo nimegundua jambo kubwa zaidi. Wateja wakitaka kusoma kikaratasi, wanaazima miwani ya mama mkwe. Watano, leo tu. Watano, na hakuna kibao chochote kilichowaita! Mtaa mzima unatembea hauoni, na hakuna kampuni hata moja iliyochukua hatua.

Miwani ya kukodi. Mgeuko wa nne. Nimeagiza sitini, zote za nguvu moja ili kurahisisha mambo. Zinafika Alhamisi. Kinyozi ana rafu tupu chini ya kioo, ataniazima.

Mama mkwe akaweka sindano chini. Aliandika kikaratasi, akakibandika kwenye mkono wa shati langu, akaendelea kushona. Bado sijakisoma, herufi ni ndogo.

Mke wangu kauliza kama nimewauliza wale watano wanachotaka. Nikamwambia safari hii siulizi mtu. Ukiwauliza wateja wanakujibu, na wakishajibu mpango wote unaharibika.